Kalamu za Kampala Hazikuzaliwa Mwaka 1962

Mjadala wa fasihi na mageuzi ya jamii ukipamba moto Kampala, iwe Makerere au nje ya Jumba la Maonyesho la Taifa pale Dewinton Road, madai huwa yale yale. Utaambiwa fasihi ya kutetea wanyonge nchini Uganda ilianza siku waandishi wa Afrika walipokutana Makerere. Utaambiwa haikuwahi kubadilisha kitu, maana watu wetu hawasomi. Utaambiwa ulikuwa mradi wa wageni, na kwamba wanawake waliingia mwishoni. Na mtu akitaja Marekani ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambako vijitabu, magazeti na simulizi za maisha vilikwenda bega kwa bega na harakati za kukomesha utumwa, kupiga vita ulevi na kudai haki za wanawake, jibu huwa tayari: wale walikuwa na uhuru, sisi hatuna.

Nimeyasikia mara nyingi mno, siwezi tena kuyaacha yapite. Ndiyo yanayoamua kitu gani kifundishwe, kitu gani kichapishwe upya, na nani athubutu kushika kalamu. Nitakaa zaidi na lile la kwanza, kwa sababu makosa mengi yaliyobaki yamezaliwa humo.

"Yote yalianza Makerere mwaka 1962"

Mkutano wa Juni 1962 ulikuwa mkubwa na sina nia ya kuudogosha. Chinua Achebe alikuwepo, na Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot, Rebeka Njau, pamoja na mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Langston Hughes alivuka bahari kutoka Marekani. Lakini mkutano huo uliitishwa kwa ajili ya waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, na jina lake rasmi lilitamka hivyo waziwazi. Anayeufanya kuwa mwanzo wa kila kitu anafuta miaka arobaini ya maandishi ya Kiganda yaliyosomwa Mengo (makao ya ufalme wa Buganda), Namirembe na Katwe, mwendo wa miguu tu kutoka chuoni.

Turudi kwenye Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda. Mkataba ule uligawa nchi kwa maili za mraba, na kutoka hapo ardhi ya namna hiyo ikaitwa mailo. Kiasi cha maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa ajili ya machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, na idadi ya waliopata ikaongezeka wakati wa kugawa. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo wakajikuta wapangaji. Wakuu wa koo, Bataka, wakakuta makaburi ya mababu zao yako ndani ya mailo ya mtu mwingine, mara nyingi mtu aliyekuwa karibu na Katikiro (waziri mkuu wa Buganda) Apolo Kagwa wakati orodha ya waliogawiwa ilipoandikwa.

Mwaka 1921 Bataka waliunda chama. Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema, alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na James Miti pia. Mwaka uliofuata wakapeleka malalamiko yao kwa mfalme, Kabaka Daudi Chwa. Wakati huo huo magazeti yakaanza kutoka mikononi mwa Waafrika wenyewe. Kabla ya hapo Buganda ilikuwa na Ebifa mu Buganda la wamisionari wa Kianglikana, tangu 1907, na Munno la Mapadri Weupe, tangu 1911. Sekanyolya lilianza mwishoni mwa 1920 likichapishwa Nairobi na Waganda waliokuwa wakifanya kazi huko. Munyonyozi na Matalisi yakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha Gambuze mwaka 1927. Humo machifu wa Mengo walihojiwa hadharani kwa mara ya kwanza kwa maandishi yasiyopita mikononi mwa misheni: kodi, kazi za lazima, ardhi, na jinsi Lukiiko, baraza la kutunga sheria la Buganda, lilivyokuwa limejaa wale wale waliofaidi mgawo wa 1900.

Machifu nao hawakukaa kimya. Kagwa alikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na alikuwa ameshatoa kitabu cha historia ya wafalme wa Buganda mwaka 1901 na kingine cha koo mwaka 1912. Ndiyo maana mgogoro wa ardhi uligeuka kuwa pia mgogoro wa vitabu. Swali la ukoo gani ulizika wapi, na tangu enzi ya Kabaka yupi, lilikuwa swali la ushahidi, na aliyeandika historia alikuwa ameshaanza kutoa ushahidi. Miti aliandika historia ndefu ya Buganda kwa upande wake, ikabaki katika kurasa za taipu bila kuwa kitabu cha dukani. Kwangu hilo ni pengo la aibu. Nchi yenye idara za fasihi na historia zilizotukuka kiasi hiki ingepaswa kuwa na toleo la Miti lenye maelezo, na mkusanyo wa barua za wasomaji wa Sekanyolya na Gambuze, mikononi mwa kila mwanafunzi.

Hapa huulizwa: hivyo kweli ni fasihi? Ni malalamiko, barua na vijitabu. Nami nauliza, kwa nini kipimo hicho kiwe chetu peke yetu? David Walker, mfanyabiashara wa nguo za mitumba mjini Boston, alitoa kijitabu mwaka 1829 akiwaita watu weusi wa dunia nzima wasikubali utumwa, na leo kijitabu hicho kimo katika kila mkusanyo mzito wa fasihi ya Marekani. Hotuba ya Henry David Thoreau ya kukataa kutii dola dhalimu, iliyochapishwa 1849, inafundishwa kama insha ya kiwango cha juu. Tamko la haki za wanawake la Seneca Falls la 1848 linachambuliwa sentensi kwa sentensi. Mageuzi yana tanzu zake: ombi kwa mtawala, mahubiri, barua kwa mhariri, simulizi ya maisha. Kama tanzu hizo ni fasihi Boston, ni fasihi Mengo.

"Hazikubadilisha kitu, watu hawasomi"

Dai hili linaonekana la busara, ndiyo maana lina madhara makubwa. Lina sehemu mbili, na zote mbili zina jibu.

Kwanza, kuhusu kubadilisha. Kesi ya Bataka ilisikilizwa, tume ikaundwa mwaka 1924, na mwaka 1926 Waziri wa Makoloni kule London akakataa kugawa upya mailo. Kwa maana hiyo Bataka walishindwa. Lakini kelele ile ilikuwa imeshafichua hali ya mpangaji, na serikali ya kikoloni ikailazimisha Mengo kupitisha Sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika 1928. Itazame sheria hiyo kwa karibu. Busuulu, kodi ya kibanja (shamba la mpangaji), iliwekwa shilingi 10 kwa mwaka. Envujjo, sehemu ya mazao aliyodai mwenye mailo, ikawekewa kiwango. Mpangaji aliyelima na kulipa hakuweza kufukuzwa pasipo amri ya mahakama, na akifa, mrithi wake alichukua kibanja. Kwa mama wa Mawokota au Bulemeezi mwenye robo eka ya pamba na migomba, maneno hayo yalimaanisha kwamba mwenye ardhi hawezi kuja Jumatatu na kumwambia ahame.

Sitadai kwamba magazeti peke yake yalizaa sheria ile. Serikali ya kikoloni ilitaka pamba, na mpangaji anayenyang'anywa mazao hapandi pamba nyingi. Tena Bataka wenyewe walipigania kwanza ardhi ya koo zao. Mpangaji wa kawaida alifaidika kwa sababu hoja yao ilimfungulia mlango. Mageuzi huja kwa mchanganyiko kama huo. Hata hivyo, ondoa malalamiko yaliyoandikwa, ondoa magazeti, na utabaki na serikali isiyokuwa na sababu ya kumgusa Kagwa na wenzake, ambao ilikuwa imewalea kwa miaka ishirini na mitano. Kagwa alijiuzulu 1926.

Na sheria ile haijafa. Idi Amin aliifuta kwa amri ya ardhi ya 1975. Sheria ya Ardhi ya 1998 ilipokuja kueleza nani ni mkaaji halali kwenye ardhi ya mtu mwingine, iliitaja sheria ya 1928 kwa jina. Mwanasheria anayemtetea mwenye kibanja Wakiso leo anafungua kifungu chenye mizizi katika malumbano ya miaka ya 1920. Anayesema maandishi yale hayakubadilisha kitu aende akakae siku moja kwenye mahakama ya ardhi.

Nguvu hiyo ilikuwa na upande wa giza, na kuuficha kungekuwa udanganyifu. Katikati ya miaka ya 1940 kijitabu Buganda Nyaffe kilienea kikiwaonya watu dhidi ya kutoa ardhi ya Buganda kwa matumizi ya serikali. Septemba 1945 Lukiiko lilipitisha sheria ya kuruhusu ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, ikiwemo ardhi ya kupanua Chuo cha Makerere. Siku iliyofuata, tarehe 5, Katikiro Martin Luther Nsibirwa alipigwa risasi na kuuawa nje ya Kanisa Kuu la Namirembe. Maneno yaliyochapwa yalikuwa yamechangia joto lile. Maandishi yanayoweza kuleta joto la namna hiyo hayawezi kuitwa maandishi yasiyo na athari.

Pili, kuhusu kusoma. Gazeti la William Lloyd Garrison, The Liberator, lililoanza Boston tarehe 1 Januari 1831, halikuwahi kuzidi sana nakala 3,000, na katika miaka yake ya kwanza wengi wa walionunua walikuwa watu weusi huru. Idadi ya wasomaji si kipimo cha uzito wa gazeti. Nakala moja husomwa na mmoja, ikasikilizwa na kumi, ikabishaniwa na hamsini kwenye baraza la pombe au baada ya ibada.

Tena Kampala haikutegemea karatasi peke yake. Wycliffe Kiyingi alianzisha kundi lake la maigizo ya Kiganda mwaka 1954, na michezo yake ya redio ikafika kwa watu wasiojua kusoma hata herufi moja. Byron Kawadwa aliandika na kuongoza Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa muziki wenye mafumbo kuhusu madaraka, ukaiwakilisha Uganda kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwanzoni mwa 1977. Muda mfupi baada ya kurejea alikamatwa na watu wa usalama wa Amin, akauawa. Alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho la Taifa. Dola haihangaiki kumwua mtu ambaye kazi yake haimfikii yeyote.

"Ulikuwa mradi wa wageni"

Ni kweli kwamba mkutano wa 1962 na jarida la Transition vilipata fedha kutoka Congress for Cultural Freedom, na ilipofichuka mwaka 1967 kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwapo CIA, watu wengi waliumia kwa haki. Rajat Neogy, aliyezaliwa Kampala 1938 na kuanzisha Transition hapa hapa mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Lakini aliyetoa fedha hakushika kalamu. Mwaka 1963 Transition ilichapisha makala ya Obi Wali iliyouvamia mkutano wa Makerere wenyewe na kutangaza kwamba fasihi ya Afrika kwa lugha za Ulaya inaelekea kwenye ukuta. Mjadala ule, ambao Ngũgĩ aliubeba mpaka mwisho wa maisha yake, ulifunguliwa katika kurasa za jarida hilo hilo linaloitwa kibaraka. Mwaka 1968 jarida likachapisha maandishi ya Abu Mayanja ya kuukosoa utawala wa Milton Obote kuhusu katiba na mahakama. Mayanja na Neogy wote wawili walitiwa ndani kwa shtaka la uchochezi. Kibaraka gani wa Marekani anafungwa katika gereza la Luzira kwa kutetea uhuru wa mahakama za Uganda?

Na kama fedha za nje zinatosha kuifanya harakati kuwa ya wageni, tuanze kuwavua Wamarekani sifa zao. Frederick Douglass alitoa simulizi ya maisha yake mwaka 1845, kisha ikambidi akimbilie Ireland na Uingereza asije akakamatwa na kurudishwa kwa aliyedai kummiliki. Mwaka 1846 rafiki zake wa Kiingereza walichanga wakamnunulia uhuru wake kisheria, na michango yao ikamsaidia kuanzisha gazeti lake la North Star mwaka 1847. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwita Douglass mradi wa Waingereza.

Mawazo husafiri, na Kampala imekuwa ikiyapokea na kuyafanya yake tangu zamani. Kisa ninachokipenda ni cha Reuben Spartas Mukasa. Katika miaka ya 1920 alisoma habari za Kanisa la Orthodoksi la Kiafrika katika Negro World, gazeti la Marcus Garvey lililochapwa New York. Aliandika barua, akajibiwa, na mwaka 1929 akavunja uhusiano na kanisa la Kianglikana na kutangaza kanisa la Waafrika wenyewe. Makao yake yalikuja kuwa Namungoona, pembeni ya Kampala, na kanisa lile baadaye likaungana na Patriaki wa Alexandria. Spartas alifungwa baada ya ghasia za 1949, wakati Bataka wa kizazi kipya walipodai machifu wachaguliwe na wakulima waruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Gazeti la Harlem lilikuwa cheche tu. Kuni zilikuwa za hapa.

"Wale walikuwa na uhuru"

Hapa nitakuwa mfupi, maana historia yenyewe ya Marekani inajibu. Mwaka 1835 umati wa Charleston ulichoma moto magunia ya barua zenye magazeti ya kupinga utumwa, na mwaka huo huo Garrison aliburutwa kwa kamba katika mitaa ya Boston. Tarehe 7 Novemba 1837 mhariri Elijah Lovejoy aliuawa Alton, Illinois, akilinda mtambo wake wa kuchapa. Mitambo mitatu ya kabla ya huo ilikuwa imeshaharibiwa. Kuanzia 1836 hadi 1844 Bunge la Wawakilishi lilikataa hata kusoma maombi ya wananchi kuhusu utumwa. Katika majimbo kadhaa ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai. Fasihi ile kubwa tunayoihusudu iliandikwa chini ya hali hiyo.

Anayemwambia mwandishi kijana wa Kampala angoje uhuru kwanza anamgeuzia mambo juu chini. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa Desemba 2021, akashtakiwa mwezi uliofuata kwa mawasiliano ya kuudhi chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, akalazimika kukimbilia Ujerumani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu hicho, katika kesi iliyokuwa imefunguliwa na Waganda wengine kabla ya yeye kukamatwa. Kazi ile ilifanywa na watu ambao hawakungoja.

"Wanawake walikuja mwishoni"

FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoasisiwa na Mary Karooro Okurut na wenzake na kuzinduliwa 1996, kinastahili kila sifa kinayopewa. Kilitoa vitabu wakati wachapishaji walikuwa wakidai wanawake hawauzi, na kikaenda kukusanya simulizi za wanawake wa kaskazini waliopitia vita vya waasi wa LRA na za wanawake waliokeketwa Sebei. Nyumba yake iko Kamwokya, Kira Road, na mikutano ya Jumatatu ya kusomeana miswada imewalea waandishi wengi, wanaume wakiwamo.

Ila kukisifu chama kwa kuwazika waliotangulia ni dhuluma kwa pande zote mbili. Baraza la Wanawake la Uganda liliundwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 liliitisha mkutano kuhusu hadhi ya mwanamke katika sheria za ndoa. Vijitabu vyake vilieleza kwa lugha rahisi sheria hizo, mambo ya mahari na urithi, kwa wanawake ambao hawakuwahi kuambiwa wana haki gani. Tume ya Kalema ya kuchunguza ndoa, talaka na hadhi ya wanawake, iliyotoa ripoti 1965, haikushuka kutoka mbinguni. Sarah Ntiro, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu Oxford, alikataa mshahara alipogundua kwamba wanaume wa kiwango chake walilipwa zaidi. Elvania Namukwaya Zirimu alikuwa akiandika na kuigiza tamthilia tangu miaka ya 1960. Barbara Kimenye alichapisha hadithi za Kalasanda mwaka 1965, na kijiji chake cha kubuni kinaeleza machifu, wachungaji na wajane wa Buganda kwa usahihi ambao wengi wa wanaume wa wakati wake hawakuufikia.

Hoja ikifikia hapo ndipo mtu anapotoa risasi ya mwisho: basi hayo ni mahubiri, sanaa haihubiri. Msomaji wa Okot p'Bitek anajua jibu. Wimbo wa Lawino, uliotoka 1966, ni shitaka kali dhidi ya mume msomi, kanisa na vyama vya siasa, na hakuna aliyewahi kuuweka chini kwa sababu ya ushairi hafifu. Au chukua Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa "Jambula Tree," hadithi ya wasichana wawili wanaopendana katika mtaa wa nyumba za kupanga Kampala. Haina hata aya moja ya hotuba. Ina macho ya majirani, ina mama anayesikia aibu, ina msichana aliyepelekwa ng'ambo ili yasahaulike. Mswada wa kuwafunga watu kama hao uliwasilishwa bungeni Oktoba 2009, na wabunge walipoanza kuujadili, mwandishi huyu alikuwa ameshawaweka wasichana wale mbele yetu kwa majina yao, Anyango na Sanyu, akatutaka tuwatazame kwanza.